Maandishi Mgongoni

Jumatatu hiyo, saa mbili na robo asubuhi, Mukami alifungua zahanati yake ya wanawake pale Nkubu, akafuta benchi, akateleka vifaa vichemke, kisha akaketi mbele ya kompyuta kuchagua programu ya kupangia miadi. Kwa miaka kumi na tisa kazi hiyo ilikuwa ya Nelius, karani wake, na chombo chake kilikuwa daftari na kalamu ya bluu. Nelius hakuandika jina la mtu. Kila mwanamke alimpa jina la zao la shambani: huyu Njahi, yule Nduma, mwingine Wimbi. Akiita "Nduma, ingia," hakuna aliyejua ni mke wa nani aliyeinuka. Kuna waliolipenda jina hilo kuliko la ubatizo. Lakini macho ya Nelius yalififia, akarudi kwao Kibirichia kwenye viazi.

Programu zilikuwa mbili. Ya kwanza ililipiwa kila mwezi, nayo iliuliza nambari ya simu na saa tu. Ya pili ilikuwa ya bure, ila ilitaka jina kamili, mji na sababu ya kuja. Wakala wake, kijana mtanashati aitwaye Oscar, alitoka Embu akaonyesha jinsi ilivyowakumbusha wagonjwa siku zao yenyewe. Mukami akamuuliza nani mwingine angeyasoma majina hayo. Oscar akasema yako salama kabisa, madam. Masharti yalikuwa kurasa arobaini, na benchi lilikuwa limejaa. Mukami akabonyeza kukubali.

Wiki ya pili maandishi yakatokea. Alianza Karwirwa, mwalimu wa chekechea: mgongoni mwa sweta yake, kwa herufi nyeusi zilizonyooka, palisomeka jina lake, siku yake, na neno "utasa". Akaifua kwa dawa ya madoa. Alipovaa nguo nyingine, maandishi yakahamia huko. Kufikia Alhamisi ungeweza kusoma wanawake kumi na wanne kabla hujamaliza kuchagua ndizi sokoni. Watu waliwasoma kama wanavyosoma matangazo ya mazishi, wakarudi kwenye bei. Wauza dawa ambao Karwirwa hakuwajua wakaanza kumpigia simu, wakimwita kwa jina na kumpa pole.

Ijumaa akaja Leylo, mke wa Abdirahim mwenye malori kule Maua. Miaka minne alikuwa akizipita zahanati zote za njiani ili afike Nkubu, mahali asipojulikana. Uzazi wa mtoto wa sita nusura umuue, na daktari alimwonya asirudie. Habari ya sindano ya kupanga uzazi mumewe hakuijua. Leylo aliingia amevaa koti la mvua kwenye jua kali. Koti nalo lilikuwa limeandikwa.

"Jina langu nilikupa wewe, Sista," alisema. "Nani amelipeleka sokoni?"

Kesho yake Mukami alikwenda Embu kwenye ofisi ya kampuni ile. Meneja, bwana mpole aitwaye Gichovi, alimkaribisha chai, akafuta majina yote mbele ya macho yake. Kisha akaeleza kwamba nakala zilishakwenda kwa washirika, kama ukurasa wa thelathini na moja ulivyosema, na washirika nao wana washirika wao. Gichovi alipogeuka kurudisha birika, Mukami akasoma kwenye shati lake: kisukari, kliniki kila Jumanne. Akamwambia.

"Najua," Gichovi akasema, akachukua koti lake kitini. "Tukiwa na wageni huwa tunavaa, mpaka nalo liandikwe."

Mukami akahamia programu ya kulipia. Ilifanya kazi vizuri. Lakini benchi halikurudi kuwa lile alilolikumbuka, la wanawake waliogeukiana wakipiga domo, wakichekana majina ya mazao hadi Nelius awanyamazishe. Sasa walikaa wamenyamaza, migongo ukutani, na aliyeitwa alitembea kinyumenyume mpaka mlangoni.

Miezi mitatu ilipotimia, Leylo alikuja tena. Mukami akamuuliza nyumbani kukoje.

"Abdirahim alinisoma siku ileile ya koti, nikimmiminia chai. Hakunigombeza." Leylo alikunja mkono wa nguo. "Zamani tulitembea bega kwa bega, Sista. Siku hizi yeye hutangulia, asinisome."

Mukami akamdunga sindano, akamwekea pamba, akavuta kibodi ampangie siku nyingine. Leylo akageuka kuchukua mkoba wake. Tarehe ilikuwa tayari pale mgongoni, pamoja na saa, ingawa Mukami hakuwa ameiandika popote. Akaangalia kalenda. Ilikuwa siku sahihi, na saa hiyo ilikuwa wazi.

"Basi tuonane siku hiyo," akasema.