Mzinga wa Saba Unachelewa

Hakuna anayeijua habari ya mzinga wa saba kuliko mimi. Ukimwacha fundi mwenyewe, na shangazi yake, na nyuki, ambao walikuwepo. Mimi nilihadithiwa tu, tena nikiwa nasinzia.

Fundi alikuwa binti mwenye kichwa chepesi na mikono myepesi zaidi, lakini mchana ule kichwa kilikuwa kimemgomea. Alikaa barazani kwa shangazi yake, kompyuta mapajani, akiutazama mstari mwekundu kwenye skrini kama mtu aliyeletewa talaka na hajawahi kuolewa.

Nyuma ya nyumba, mwisho wa shamba, kulikuwa na mizinga saba ya shangazi. Kila mzinga ulitakiwa uwe na kisanduku kidogo, saizi ya kiberiti, cha kusikiliza mvumo wa nyuki na kurusha hewani, bila waya, namba moja tu: wanavuma sana au kidogo. Visanduku hivyo vilikuwa vivivu kwa makusudi. Vililala, na kila baada ya dakika kumi vyote viliamka kwa mpigo mmoja, vikapeana habari kufumba na kufumbua, vikarudi kulala. Usingizi ndio uliotunza betri.

Ila kila kimoja kilikuwa na saa yake tumboni, na saa hizo zililinganishwa mara moja tu kwa siku, alfajiri. Kimoja kikichelewa kuamka, wenzake sita hukaa macho wakikingoja, na kukaa macho ndiko kunakokula betri. Ni kama safari ya familia: anayetafuta kiatu ni mmoja, wanaochomwa na jua uani ni wote.

Namba saba ilitafuta kiatu kila siku.

Bosi wa kampuni aliyempa kazi hii alikuwa ametoa siku thelathini. Betri zikifika, fundi apewe mashamba yote ya nyuki ya kampuni. Zikifa njiani, arudi kwenye kibanda chake kubadilisha vioo vya simu. Leo ilikuwa siku ya kumi na tisa na betri zimebaki robo. Saa kumi kamili bosi angepiga simu kutaka sababu, na fundi sababu hakuwa nayo.

"Shangazi!" aliita. "Namba saba uliiweka mwenyewe?"

"Aiweke nani mwingine?" Shangazi alijibu kutoka jikoni. "Nyuki wale wananijua kuliko marehemu mjomba wako alivyonijua. Nawaita kwa majina, mmoja mmoja."

"Maelfu yote hayo?"

"Wengi ni wajina."

Fundi alicheka, kisha akakumbuka kwamba hana la kuchekea. Mwanzo alidhani saa ya kisanduku ni mbovu. Wiki iliyopita akaunda kingine, akampa shangazi akabadilishe, maana mavazi ya kinga yalikuwa seti moja tu na yalimtosha shangazi peke yake. Kipya kikachelewa vilevile, utadhani kimerithi.

Akafikiria joto. Joto kali huivuruga saa ya namna ile, hilo alilijua. Lakini nyuki hulinda joto la mzinga wao usiku na mchana, halipandi halishuki. Na mbona mizinga sita haina neno? Akaufuata tena kwa kidole mstari mwekundu, ule wa saa ya namba saba. Namba saba ilirudi nyuma kidogo saa moja asubuhi. Ikarudi nyuma saa saba mchana. Ikarudi nyuma tena saa moja jioni. Na nyakati hizohizo mvumo ulipanda, vuu vuu vuu, kisha kimya.

"Shangazi, kuna nyuki wanaokasirika kwa ratiba?"

"Nyuki ni kama watu, mwanangu. Wengine wana adabu, wengine wana saa."

"Na Jumanne? Jumanne namba saba haikuchelewa hata kidogo. Ilinyamaza kutwa nzima. Jumanne ilikuwa na nini?"

"Jumanne si nilishinda hospitali kwa wifi yangu? Hata moto sikuwasha."

Fundi aliandika: Jumanne, hospitali. Akaitazama ile karatasi. Nyuki wa saba wanamjua wifi? Akakata mstari, akaandika tena, akakata. Dakika nzima alikuwa amekaa mdomo wazi, na laiti nyuki mmoja angepita angepata mzinga mpya.

Hata moto sikuwasha.

Akakumbuka siku ya kwanza kabisa, shangazi akirudi kutoka shambani mbio, jicho la kushoto limevimba hadi limefunga. "Nimejigonga mlangoni," alisema. Kule shambani, wazee, mlango uko wapi?

Fundi alibonyeza vitufe viwili vitatu: kuanzia sasa, kila kisanduku kikiamka kiwashe taa ya kijani. Akachukua kisanduku mama, kile cha kukusanyia habari, akakifumbata kiganjani na kuingia jikoni. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika moja.

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya jiko, sufuria ya maji ikitokota, kifuniko kikipiga kelele kama kimechokozwa. Juu ya jiko kulikuwa na rafu, na rafuni makopo ya plastiki angavu yamepangwa kwa heshima.

"Shangazi, sikiliza unisaidie, kazi yangu inakwenda," fundi alisema taratibu, akitazama saa ya ukutani. "Namba saba iko wapi?"

"Swali gani hilo tena? Iko mzingani."

"Uliifunua ile mizinga yote saba?"

"Yote. Wa saba ulikuwa mkali kidogo, nikausemesha, ukatulia."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu na ya majirani. Nimekilaza kwa mikono yangu hii, katikati ya masega, nikakifunika pole—"

Kisanduku mama kikawaka kijani kiganjani mwa fundi.

Sekunde moja, akahesabu.

Nyuma ya bega la shangazi, rafuni juu ya mvuke, kopo la chumvi likakonyeza kijani.

Simu ya bosi ikaanza kulia.

"Nimwambieje, shangazi? Kwamba nyuki wa saba wanapika mara tatu kwa siku?"

Shangazi hakugeuka nyuma. Alikoroga sufuria ambayo ndani yake mlikuwa na maji matupu.

"Hilo," alisema, "ni kopo tu."