Kimo cha Mama Donge

Mama Donge aligundua kwamba binti yake anarefuka siku alipomwona akiinamisha kichwa kuingia chumba cha kupigia pasi. Juzijuzi tu alikuwa akipita wima bila taabu. Pasi ikamganda mkononi, na shuka la mteja likaungua katikati kabisa, mahali pasipofichika.

"Mbona umeinama?"

"Nani, mimi? Nimekwepa tu, mama."

"Umekwepa nini, na mlango ni uleule?"

Donge akacheka. Alicheka hivihivi, bila haya, mbele ya mama yake mzazi.

Tuelewane mapema, maana wapo wanaodhani kwamba majitu huzaliwa majitu. Uongo mtupu. Mtoto wa jitu huzaliwa mdogo kama wa kwako, na anaweza kuzeeka na kufa akiwa na kimo cha jirani yake. Kinachomrefusha jitu si chakula wala umri, ni furaha. Akifurahi kwa dhati, mifupa inasikia na inavutika. Furaha ikiisha, mifupa hairudi. Jitu akirefuka amerefuka. Wale wa kwenye hadithi, waliovuka mito kwa hatua moja, walikuwa watu walioishi raha mustarehe kabla miji haijajengwa. Siku hizi hawapo, na usiniulize kwa nini.

Mji ule ulikuwa na boriti. Ilikuwa imelazwa juu ya nguzo mbili katika ua wa ofisi ya mji, na kila mwaka, mvua zikikatika, majitu wote walipita chini yake, wima, bila viatu. Aliyepita aliruhusiwa kufanya kazi na kulala chini ya paa mwaka mwingine. Ambaye kichwa chake kiligusa alipelekwa machimboni siku hiyohiyo, akapasue mawe mpaka afe, na hakuna aliyewahi kurudi. Kuhonga hakukuwezekana. Aliyepima alikuwa kibwengo, na vibwengo, wadogo na wakorofi kama unavyowasikia, hawawezi kusema uongo. Kibwengo akidanganya ulimi unavimba mpaka mdomo haufungi. Ofisi haikuwaajiri kwa uzuri wa sura.

Kwa hiyo majitu wa mjini walilea watoto kwa namna yao, na wewe ukiwaona mara ya kwanza ungewaita makatili. Mtoto akishajua kutembea, hapakatwi tena. Haimbiwi. Akileta ua alilochuma njiani, linatupwa huku anaangalia. Hata jina anapewa baya ili asifurahie kuitwa, na Donge lilikuwa jina la heri, maana mtaani walikuwapo kina Kamasi na kina Takataka. Mama Donge aliyafanya yote hayo bila kuteleza hata siku moja. Alimpenda binti yake kama mboni ya jicho lake, na kwa sababu hiyohiyo hakuwahi kumwambia neno zuri.

Sasa kulikuwa na mtu anayemfurahisha, na mvua zilikuwa zimeanza kukatika.

Mwanamume, akawaza Mama Donge. Si kitu kingine, ni mwanamume. Akamwendea mwenye kazi, jini mmoja mnene aliyeshinda amekaa karibu na masufuria ya maji ya moto, akaomba atoke mapema.

"Tutaona," jini akasema.

Hilo halikumaanisha hapana. Majini hawaahidi kitu, maana jini akiahidi lazima atimize hata kama itamuua. Ukimuuliza jini kama kesho ni kesho, atakwambia tutaona. Mama Donge akavua aproni, akatoka.

Alimfuata binti yake mpaka nyuma ya nyumba za kupanga, kwa fundi cherehani, mjane wa kibinadamu aliyeshonea kwenye baraza. Hapakuwa na mwanamume. Palikuwa na mtoto wa fundi, kasichana kanakoanza kutembea. Donge alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameitanua. Mtoto aliachia kiti cha mama yake, akayumba hatua chache, akaangukia mapajani kwa Donge, wote wawili wakacheka mpaka wakakosa pumzi. Kisha mtoto akampanda mgongoni, akamshika masikio kama usukani.

"Dodo!" akaita. "Dodo twende!"

Mama Donge alisimama kwenye kona, akaitazama sura ya binti yake. Hakuwahi kuiona sura ile. Tuseme ukweli, kilichomchoma kwanza kilikuwa wivu, hofu ikaja baadaye. Gauni la Donge, lililoteremshwa upindo mwezi ule ule, lilikuwa tayari limepanda juu ya vifundo vya miguu.

Nyumbani akamwanza bila salamu.

"Kwa fundi usirudi tena."

"Mama, ni mtoto tu yule."

"Boriti haiulizi kama ni mtoto."

"Basi inipeleke." Donge hakupandisha sauti. "Nikienda, angalau nitakuwa nimecheka. Wewe umebaki mjini maisha yako yote, umepata nini?"

Mama Donge akamzaba kofi. Lingekuwa kofi la kawaida, la mama yeyote, ila Donge alishika shavu huku bado macho yanang'aa, akiwaza kasichana kake, na mama akaelewa kwamba kofi halitoshi. Kesho yake Donge alirudi kwa fundi kama kawaida.

Basi Mama Donge naye akaenda kwa fundi, saa ambayo Donge yuko kazini. Alibeba gauni la kuteremshwa upindo.

"Karibu, Mama Donge," fundi akasema, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani. "Huyu binti yako ni baraka. Bila yeye nisingemaliza sare za watu."

"Ndicho kilichonileta, mwenzangu. Nina jambo, na najua litakuudhi."

"Sema tu."

"Donge alikuwa na mdogo wake wa kiume."

"Sikujua. Yuko wapi?"

"Hayupo." Mama Donge akaangalia mikono yake. "Dada yake alikuwa amembeba. Alimkumbatia. Kwa mapenzi tu, hakukusudia. Sisi wasichana wetu mikono haijui kiasi, mwenzangu. Inabana."

Cherehani ikanyamaza.

Mtoto huyo wa kiume alikuwapo kweli. Alikufa kwa homa, mapajani kwa Mama Donge mwenyewe, na Donge alikuwa mdogo, amekaa pembeni, anamloweshea kitambaa. Mwanamke huyu alimfukua mwanawe aliyekufa ili amtumie kumpigia mwanawe aliye hai. Mimi ninayesimulia nimejaribu kumtetea hapo, nimeshindwa.

"Usimwambie nimekwambia," akasema. "Na mtoto mfundishe kumwogopa. Mwambie yule ni zimwi."

Fundi alikuwa ameshamnyanyua mtoto, amembana kifuani kwa nguvu mpaka mtoto analalamika.

Jioni Donge alirudi nyumbani mapema. Akasimama mlangoni bila kuegemea popote.

"Mtoto ameniona akapiga kelele," akasema. "Ananiita zimwi. Fundi amenishikia mkasi, mama. Mkasi, mimi. Namuuliza, dada, nimekosa nini? Ananiambia mama yako kanieleza habari za mdogo wako."

Mama Donge akaendelea kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Nilimuua mdogo wangu?"

Hapo alikuwa na nafasi. Angesema hapana, na Donge angelia, angetukana, kisha angekimbia kwa fundi kujitetea. Fundi angemwamini, maana nani asingemwamini Donge? Na kasichana kangepanda tena mgongoni.

"Sema, mama. Nilimuua?"

"Ndiyo."

"Mimi nakumbuka homa."

"Unakumbuka tulichokwambia ukumbuke. Ulikuwa mdogo. Hatukutaka uishi na mzigo huo."

Donge aliitazama mikono yake, mbele na nyuma. Kisha akaenda kulala bila kula, na tangu siku hiyo hakumsemesha mama yake. Kazini alikamua mashuka, akaanika, akaanua. Njiani akikutana na mtoto wa mtu yeyote alivuka upande wa pili, mikono ameificha kwapani. Gauni lilibaki palepale kwenye vifundo. Mama Donge alilikagua kila asubuhi, akaona kwamba dawa imefanya kazi, akaenda chooni akatapika.

Siku ya kupimwa walipanga mstari uani, vijana mbele, wazazi nyuma yao. Kibwengo alikuwa juu ya ngazi yake, kofia imemzama, analalamikia jua. Ilipofika zamu ya Donge akapita chini ya boriti. Nafasi iliyobaki juu ya nywele zake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwapo.

"Amepita," kibwengo akasema.

Mama Donge akauma ulimi mpaka akaonja damu. Hakutaka kufurahi, si hapo. Yeye mwenyewe alikuwa amebakiza upana wa kidole tu kati ya utosi wake na boriti. Nafasi nyingine yote aliimaliza kwa furaha ya siku moja, siku aliyozaliwa Donge. Akajilazimisha kuwaza kaburi la mwanawe, kama afanyavyo kila mwaka, na moyo ukatulia.

Donge hakuondoka. Alisimama chini ya ngazi.

"Mzee," akasema, "makaburi ya majitu si mnapima nyie?"

"Sisi. Ofisi haimwamini mwingine."

"La mdogo wangu ulipima wewe?"

"Nilipima mimi. Kalikuwa kafupi sana."

"Alikufa kwa nini?"

"Homa. Mama yako alikuwa amempakata, akakataa kumwachia, nikapima akiwa mapajani. Wewe ulikuwa na kitambaa." Kibwengo akajikuna chini ya kofia. "Haya, sogea, watu wanasubiri. Anayefuata."

Anayefuata alikuwa Mama Donge. Miguu ilikuwa mizito, lakini mstari ulimsukuma, akajikuta chini ya boriti, peku, wima, kama inavyotakiwa. Donge akageuka. Mama alitegemea matusi, hata ngumi, na angezipokea kwa shukrani.

Donge akatabasamu.

"Mama," akasema. Ilikuwa sauti laini, ile aliyokuwa akimwitia mtoto wa fundi. Akasogea, akaweka viganja vyote viwili kwenye mashavu ya mama yake. "Mama yangu. Nimekusamehe. Najua ulifanya yote kwa kunipenda. Na mimi nakupenda, mama. Sijawahi kupenda mtu kama wewe."

Kisha akamkumbatia.

Mama Donge aliyaona macho ya binti yake kabla hayajapita begani kwake. Yalikuwa makavu. Alielewa kila kitu, alielewa anachofanyiwa na kwa nini, akalikimbilia kaburi la mwanawe, akaikimbilia homa, kitambaa, mkasi wa fundi. Havikumsaidia. Mikono ya mtoto wake ilikuwa mgongoni mwake, ina joto, na yeye alikuwa hajawahi kukumbatiwa na mikono hiyo tangu ilipokuwa haiwezi hata kumzunguka. Mifupa haijui uongo na kweli. Ikasikia neno mama, ikavutika.

"Imegusa," kibwengo akasema.

Donge akamwachia, akarudi nyuma, akajifuta viganja kwenye gauni. Askari wakaja, mmoja huku, mmoja huku. Mama Donge hakuwaangalia. Alikuwa anatazama utosi wa binti yake akiulinganisha na boriti, kwa jicho la mtu aliyepima watoto maisha yake yote, akatafuta kama kisasi kimemwongezea hata unywele. Hakikumwongezea. Donge alikuwa na kimo kilekile, mfupi, salama, bila chembe ya furaha usoni.

Hatakuja kuigusa boriti kamwe, Mama Donge akawaza, na hapo akaanza kurefuka upya, mpaka askari wakalazimika kumwinamisha kichwa ili apite chini ya boriti.