Maharage ya Juu ya Mti

Thabit bin Salum alipika melini miaka mingi hata mikono ikasahau kipimo cha watu wachache. Akiteleka chai ya watu wawili, hutoka birika la kunyweshea harusi nzima. Aliporudi Maskati na mkewe Masouda, mwaka uliofuata Mapinduzi ya Unguja, hakuja na kitu cha kuonyesha watu. Hakuna mtu mjini aliyewahi kuonja chungu chake. Kilichobaki ni ulimi, na ulimi ule aliutumia vizuri.

Kila baada ya alasiri wazee walikaa barzani mbele ya duka la vitambaa la Aflah, ndani kidogo ya lango la Bab Kabir, wakinywa kahawa na tende. Thabit hakungoja kuombwa. Alisimulia dhoruba za Bengali, na nahodha aliyepika pilau kwa maji ya bahari akaoza meno. Lakini hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya maharage ya nchi ya Malaya.

"Yanaitwa petai," alisema. "Maganda yake marefu kama mkono huu, yamejisokota kama msuko wa bibi harusi. Yananing'inia juu ya mti. Na mti wenyewe, ukitaka kuona kilele chake, kofia inakuanguka."

"Maharage juu ya mti," alisema Yaarub.

"Juu ya mti."

"Na muhogo huko unavuliwa kwa nyavu?"

Barza ikacheka. Yaarub alikuwa muuza papa, anayenunua papa mkavu kwa wavuvi wa Yiti na kumuuza mpaka milimani. Mtu mkavu kama bidhaa yake, hajulikani kwa uongo, na ndiyo maana neno lake liliuma. Naye utotoni alikaa Unguja, kwa hivyo kila alipotaka kumkosoa Thabit alimkosoa kwa Kiswahili, na mwenye kukosolewa asipate pa kujificha.

Thabit akaendelea kama hakusikia. "Na harufu yake, yakhe. Tulipakia gunia moja pale Penang. Panya wa meli walishuka kwa kamba, kila mmoja kabeba mwanawe mdomoni."

"Sasa basi," Yaarub akaweka kikombe chini. "Thabit, mimi hapa nnakaa miaka nnasikiliza. Nimenyamaza ya nahodha, nimenyamaza ya nyangumi mjamzito. Haya ya maharage siwezi. Tuletee. Ukituletea tukayaona, tukayala, nitakuwa shahidi wako kwa kila utakalosema mpaka nizikwe. Ramadhani ikiingia hujayaleta, hadithi za bahari basi. Hapa utakunywa kahawa na kuitikia wenzio."

Aflah, aliyekuwa amesoma vitabu na kwa hivyo huchukuliwa kama kadhi wa barza, alimtazama Thabit. "Umekubali?"

"Nimekubali."

Alikubali kwa sauti kubwa, kisha akarudi nyumbani kwa miguu mizito. Kumnyamazisha Thabit ni kumzika huku anaona. Wenzake walikuwa na maduka, mashamba ya tende, wajukuu na kesi za maji ya mfereji. Yeye alikuwa na bahari, tena bahari ya jana.

Akatuma salamu kwa baharia wa meli ya Bombei, zimfikie Mmalei mmoja waliyepika pamoja ujanani, aliyerudi kwao Penang. Rajabu ikapita. Shaabani ilipokuwa inakaribia kwisha, na Yaarub keshaanza kumpa pole kila akimwamkia, ikaja chupa kubwa ya kioo, kifuniko kimezungushwa kitambaa na nta. Ndani maharage yamekwisha kumenywa, ya kijani, mapana kama lozi, yanaogelea katika maji ya chumvi. Mtu wa forodhani aliifungua, akaifunga, akamwambia Thabit apite nayo upesi.

Thabit akaialika barza nzima chakula cha mchana.

Siku hiyo aliingia jikoni mwenyewe. Alimweka Masouda kando kwa heshima zote, akakunja mikono ya kanzu. Alitwanga pilipili nyekundu kavu, vitunguu, kitunguu thomu, na uduvi mkavu badala ya ule mkate wa kamba waliooza ambao Wamalei hawapiki bila yake. Akakaanga mchanganyiko mpaka mafuta yakajitenga juu, mekundu. Akatia ukwaju, kisha kamba wabichi wa Sib.

"Na tui?" akauliza Masouda.

"Hapana tui."

"Baba Rahila, chakula bila nazi ni cha wagonjwa."

"Nazi yako itie kwenye wali, mke wangu. Huku niachie."

Akafungua chupa, akamimina petai katika sufuria ya moto.

Harufu ilinyanyuka kama mtu aliyekanyagwa mguu. Ilikuwa harufu ya thomu iliyokufa na ikakosa wa kuizika. Ilizunguka jikoni, ikatoka dirishani, ikapanda ukuta. Upande wa pili wa ukuta alikaa Kheiria, jirani mwenye masikio na pua.

"Masouda," ikaja sauti. "Kuna maiti huko?"

"Hakuna, bibi. Ni chakula."

"Chakula cha nani?"

"Cha wageni."

"Wamekukoseeni nini?"

Masouda akaona aibu iliyomfika kisogoni. Thabit alikuwa akipiga mluzi, anageuza sufuria, hana habari ya dunia. Tangu melini hakuwahi kuwa na furaha kama ile, na Masouda hakutaka kumharibia. Akaenda chumbani, akatoa udi wake mzuri, ule aliouficha kwenye sanduku tangu Unguja kwa siku ya harusi ya mtu wa kwao, akawasha makaa, akautia chetezoni.

Adhuhuri imekwisha kuswaliwa, wageni wakaingia na kuketi majlisi, chumba cha wageni. Kwao Masouda, Malindi ya Unguja, mgeni wa heshima hupokewa kwa udi. Anafukizwa aingiapo, ajue kwamba nyumba imemfurahia. Basi akakisukuma chetezo chini ya pazia, akasema kwa sauti ya adabu, "Karibuni, jifukizeni."

Kule ndani wazee wakatazamana. Chetezo kikapita chini ya ndevu, ndani ya mikono ya kanzu, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na majlisi ikajaa moshi mtamu hata harufu ya jikoni ikapotea. Kisha wakasimama wote. Maana Maskati udi hauji mwanzo. Udi huja mwisho, baada ya kahawa ya mwisho, na Waarabu wana msemo wao wenye vina: *baad al-ud, ma fi quud*. Ukishafukizwa, hakuna kukaa. Mwenye nyumba amekuaga, na mtu mwenye adabu hasubiri kuagwa mara ya pili.

"Hayapo maharage," alisema Yaarub akitafuta viatu vyake. "Maskini kaona aibu, katufukizia mapema."

Aflah alisikitika kweli.

Thabit akatokea na sinia kichwani, wali wa nazi mweupe chini na petai nyekundu juu yake, inawaka. Akakuta majlisi haina mtu, moshi tu.

"Wako wapi?"

"Walikuwepo sasa hivi," akasema Masouda. "Nimewafukiza, wasisikie harufu. Nilitaka kukusitiri."

Thabit alimtazama mkewe, akakitazama chetezo. "Mama Rahila. Huku kwetu udi ni kwaheri."

Masouda akaziba mdomo kwa ncha ya ushungi.

Mtu mwingine angegomba. Thabit hakuwa na wakati wa kugomba. Yaarub akifika sokoni hivyo alivyo, hadithi imekwisha na mwenye hadithi amekwisha. Akatoka mbio kichochoroni, sinia kichwani kama mali ya harusi, na aliwapata kwenye kona wakitembea mwendo wa mazishi.

"Ngojeni."

"Thabit, ndugu yangu," alisema Aflah kwa upole, "tumeshafukizwa. Baada ya udi hakuna kukaa."

"Nani kawaambia mkae?"

"Kula kwa kusimama ni kazi ya punda," alisema Yaarub.

"Wala msisimame." Akaliteremsha sinia kwenye kivuli cha ukuta. "Chutameni. Kuchutama si kukaa, wala si kusimama. Melini tulikula hivyo siku za dhoruba, na hakuna aliyeitwa punda."

Wakamgeukia Aflah. Aflah akashika ndevu, akapekua vitabu vyote vilivyokuwemo kichwani mwake.

"Sijapata kuona pahala kuchutama kumekatazwa," akasema.

Basi wazee wa Bab Kabir wakachutama katikati ya njia, magoti yakilia kama kuni kavu. Sasa hapakuwa na udi. Harufu ikajinyoosha. Mmoja akarudi nyuma akiwa amechutama vilevile, kama kaa.

Yaarub alichukua harage moja kwa vidole viwili, akalielekeza kwenye mwanga.

"Hili linaota juu ya mti?"

"Juu ya mti."

Akaliweka mdomoni. Thabit, kwa mara ya kwanza tangu aingie Maskati, alinyamaza bila kuombwa. Yaarub akatafuna. Lilikatika kama lozi mbichi, likatoa uchungu mdogo, kisha utamu, kisha pilipili ikafika, na nyuma ya pilipili harufu yenyewe ikapanda mpaka kwenye mzizi wa macho. Jasho likamtoka. Pua yake, iliyozibwa na papa tangu ujana, ikazibuka. Akainua kichwa, akanusa kulia, akanusa kushoto.

"Nani ananuka papa?"

"Wewe, Yaarub," alisema Aflah. "Siku zote ni wewe."

Yaarub alinusa mkono wa kanzu yake, akaunusa tena kama aliyepata habari za mtu wa mbali. Kisha akauingiza mkono siniani hadi kifundo, na wengine wakaona kuwa wakichelewa watakula wali mtupu. Hapakuwa na mazungumzo tena. Yule aliyerudi kama kaa alirudi tena mbele, na yeye ndiye aliyekomba mafuta ya mwisho kwa kidole.

"Kapika Masouda?" aliuliza Yaarub.

"Wali, yeye. Haya, mimi."

"Kwa mkono wako?"

Thabit akaunyoosha mkono, mwekundu mpaka kwenye kiwiko. Yaarub aliutazama kwa muda, halafu akaushika, akamsaidia Thabit kusimama, au Thabit akamsaidia yeye; walisimama pamoja.

Kheiria naye alipelekewa bakuli. Lilirudi limeoshwa, na swali juu yake: je, yamebaki?

Ikapita Ramadhani, ikapita Idi. Siku moja Thabit alikuwa Matrah, sokoni, akichagua iliki, na mgeni mmoja kutoka Sib akasimama karibu naye akizungumza na mwenye duka. Mgeni akasema kwamba huko Maskati kuna mpishi wa ajabu. Amepika maharage yanayochumwa juu ya miti mirefu kuliko minara, harufu yake ikaugeuza moshi wa udi ukarudi chetezoni, na mzee mmoja aliyekuwa hana pua kabisa alitafuna moja tu, pua ikaota.

Thabit akaiweka chini iliki. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Yaarub, muuza papa. Tena kaapa."

"Yaarub yule hasemi uongo," alisema Thabit. Akavuta gunia la mchele, akaketi juu yake, akampisha mgeni nafasi ya kukaa. "Hebu anza tena, ndugu yangu. Anzia kwenye sufuria, wala usipunguze kitu."