Mlamula wa Sebuleni kwa Mzee Privatus

Jumanne moja ya mwezi wa pili, saa nne asubuhi, Kokubanza aliteremka kwenye basi Muleba akiwa na mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na kisu kidogo, karatasi nyeupe, kipande cha sabuni ya mche na chupa ya maji ya mvua aliyokinga Kashai, mjini Bukoba, anakouza miche ya maua kando ya barabara. Watu walimwita nyumbani kwao mmea wa ndani ulipokataa kupona. Hakuwa na cheti cha kazi hiyo, lakini kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwona akiwa na haraka mbele ya mmea.

Aliyemwita safari hii ni Petronila, mke wa Mzee Privatus, mkandarasi mstaafu. Sebuleni kwao, katikati ya vigae vyeupe, palisimama mlamula kwenye chungu cha saruji. Ni ule mmea wa majani marefu ambao Wahaya huupanda mpakani, kutenganisha kibanja kimoja cha migomba na kahawa na cha jirani. Huu ulifika usawa wa kifua. Ncha za majani zilikuwa za kahawia, na majani ya chini yalikuwa ya njano.

"Tangu lini?" Kokubanza aliuliza.

"Tangu tuuingize ndani. Miezi minne."

Alichomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikatoka na tope.

"Unamwagilia kila siku, mama?"

"Kila siku. Nauonea huruma."

"Mizizi haipati hewa. Acha udongo ukauke juu ndipo umwagilie tena."

Aliweka karatasi nyeupe chini ya jani akalipiga taratibu. Vumbi jekundu likadondoka, kisha vumbi likaanza kutembea. Ulikuwa utitiri. Aliosha kila jani kwa maji ya sabuni, juu na chini, akilishikilia kwa kiganja kama anayemnawisha mtoto uso. Akautoa mmea chunguni, akanusa mizizi, akakata iliyooza na kuacha ile migumu ya rangi ya chungwa. Akatoboa chungu tundu la pili, akaupanda upya kwenye udongo uliochanganywa na mchanga. Mwisho alimwomba Petronila aache maji ya bomba, kwa sababu dawa iliyomo huunguza ncha za majani, na badala yake akinge mvua. Kazi hiyo ilimchukua hadi saa tisa, na Petronila alikaa kwenye kigoda akimtazama muda wote, akasahau kupika.

Baada ya wiki tatu Kokubanza alirudi. Utitiri haukuwepo. Udongo ulikuwa mkavu inavyotakiwa, mizizi ilikuwa mizima. Lakini jani jipya lililochomoza katikati lilikuwa la njano.

"Yaliyo yangu yamekwisha," alisema. "Sasa kuna la mmea wenyewe."

Alitaka kukaa afikiri, akaelekea kwenye kochi la dirishani, ng'ambo ya chungu.

"Upande huo piga hodi kwanza," Petronila alimwambia.

"Kwa nani?"

"Hatujui. Ila bila kukaribishwa miguu haivuki."

Akamweleza jinsi walivyokuwa wakiishi. Tangu chungu kiwekwe pale, kila mgeni aliyeelekea dirishani alisimama kwenye mmea, akapiga hodi, akangoja, kisha akarudi kukaa kwenye viti vya mlangoni. Hata padri aliyekuja kubariki nyumba alifanya hivyo, akarusha maji ya baraka kutokea pale aliposimama. Televisheni ilikuwa ng'ambo, na mzee aliitazama kwa mbali. Petronila alifagia mpaka kwenye chungu akageuka. Waliwahi kukisogeza kwenye kona ya mlangoni, sebule yote ikawa ng'ambo, wakala chakula barazani siku mbili hadi walipokirudisha.

Kokubanza alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Mmeutoa wapi?"

Petronila alishusha sauti. "Kibanjani, kule juu. Ulikuwa mpaka wa mzee na mdogo wake, marehemu Damian. Baada ya mazishi mzee aliing'oa milamula yote akaitupa korongoni. Huu mmoja nilimwomba, una majani mazuri."

"Na mjane?"

"Gaudiosa yuko kwa dada yake, Kashozi. Hakuzaa mtoto wa kiume. Ukoo ulikaa, karatasi zikaandikwa kwa jina la mzee."

Mzee Privatus aliingia akiwa na gazeti. Alimsalimia Kokubanza kwa heshima, maana alikuwa ameyaona majani yalivyooshwa.

"Fundi, utapona?"

"Mzee, huu hauumwi tena. Uko kazini. Unalinda mpaka, na mwenye upande ule hajafika."

"Mwenye upande ule ni mimi."

"Basi pita."

Mzee Privatus alienda hadi kwenye chungu. Akakohoa kidogo. "Hodi," akasema, kama alivyosema kila jioni kwa karibu miezi mitano. Hakuna aliyejibu. Alingoja muda wa kutosha, akarudi kwenye kiti cha mlangoni, akafungua gazeti.

"Mwiteni shemeji, basi," alisema nyuma ya gazeti. "Kwa ajili ya mmea."

Jumamosi Kokubanza alifika Kashozi. Gaudiosa alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kisu.

"Wananirudishia kibanja?"

"Hapana, dada. Wanataka mmea upone. Nami sikuja kukudanganya."

Gaudiosa alimenya ndizi mbili zaidi. "Niliupanda na Damian mwaka tulipooana," alisema. "Wenyewe haujanikosea kitu. Nitakwenda."

Alikwenda Jumapili baada ya misa, amevaa kitenge cha bluu na viatu vya kufunga. Alivuka pembeni mwa chungu bila kupunguza mwendo, akafungua dirisha, akakung'uta vumbi kwenye kochi, akaketi. Petronila alisimama kwenye mmea na sinia ya chai.

"Hodi."

"Karibu, dada."

Kisha akaja Mzee Privatus. "Hodi, shemeji."

Gaudiosa alimtazama. Kokubanza, aliyekuwa mlangoni, alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona mtu akitazamwa kwa muda mrefu hivyo bila chuki.

"Karibu, shemeji," alisema Gaudiosa.

Mzee alivuka, akakaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama mgeni wa mara ya kwanza.

Gaudiosa aliendelea kuja kila Jumapili. Jani la tatu lilitoka la kijani. Mwezi wa tano mlamula ulitoa shada la maua meupe, na jioni harufu yake ilifika hadi barabarani. Majirani walikuja kuuona, wakapiga hodi, wakakaribishwa. Kokubanza alikuja kwa basi, akaugusa udongo kwa kidole, akasema hana cha kuongeza.

Siku hiyo Gaudiosa aliuliza, akimmiminia mzee chai, "Shemeji, na kule juu?"

"Kule kumekwisha, shemeji," Mzee Privatus alijibu kwa adabu yote. "Karatasi zimeandikwa." Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akamshukuru.

Mwezi wa sita kahawa iliiva. Wachumaji wa Mzee Privatus waliingia vibanja vyote viwili kwa siku moja. Buni ya Damian na buni yake zilijazwa katika magunia yale yale, kwani kule juu hakukuwa tena na kitu cha kumwonyesha mchumaji wapi pa kukomea.