Chupa ya Kijani

"Ishirini na sita nukta moja," Zadock alisoma, kisha akamrudisha panya kwenye keji yenye kibandiko cha kijani na kuandika gramu hizo. Panya alikuwa mnene, manyoya yamelala vizuri. Katika keji za buluu, upande wa pili wa chumba, wenzake walikaa wamejikunja kama pamba iliyolowa.

Daktari Wahu, mtafiti aliyemwajiri, alichungulia mlangoni. "Zadock, saa sita tunafungua bahasha. Leo tutajua nani alikunywa nini."

"Sawa, Daktari."

"Mbona unatoka jasho? Na kuna baridi hivi."

"Ni ngazi. Lifti imekwama tena."

Lifti ilikuwa nzima.

Kwa wiki sita, katika jengo hilo la Westlands, Zadock alikuwa amewanywesha panya kutoka chupa tatu: ya kijani, ya buluu na nyekundu. Moja ilikuwa na dawa ya mizizi na majani yaliyochachushwa siku tisa, na utafiti ulitaka kujua kama inatuliza utumbo uliovimba. Ni chupa gani, hakuna aliyejua, hata Daktari. Chupa ziliandaliwa kwingine na kutofautishwa kwa rangi tu, ili matumaini ya mtu yasiharibu vipimo.

Lakini Zadock ndiye aliyewashika panya kila asubuhi. Kufikia wiki ya pili aliona wa kijani wakinenepa. Yeye mwenyewe alikuwa akienda choo chenye damu tangu mwezi wa pili. Basi kila jioni alikunywa mabaki ya chupa ya kijani, nusu glasi, machungu na makali kidogo. Siku za kwanza maumivu yalipungua, au alidhani yalipungua. Hakumwambia mtu, hata mkewe Caren. Katika ploti yao kule Kabiria, jirani yake Kinyanjui alikwenda hospitali na damu kama hiyo, akarudi na mfuko wa choo umebandikwa tumboni. Watoto waliacha kucheza kila alipopita.

Jumamosi iliyopita, River Road, Zadock alisimama kwenye mizani ya kijana anayepima wapita njia.

"Toa viatu, mzae. Na simu weka kando, isikuongezee kilo."

Namba zilitulia. Hamsini na nane kamili.

"Mzae, bibi amekunyima ugali?"

"Mashine yako ni mbovu."

"Mbovu? Saa hii kuna mama amenitukana ati imemuongeza. Sasa wewe unalia ati imekupunguza. Niwagawie?"

Zadock alicheka ili aondoke. Mwezi wa kwanza alikuwa na kilo sabini na mbili. Kanuni ya maabara aliijua kwa moyo: panya akipoteza sehemu moja ya tano ya uzito wake, anaondolewa kwenye utafiti, na panya anayeondolewa harudi kwenye keji. Alipiga hesabu akiwa amesimama kando ya barabara, watu wakimpiga vikumbo. Zilibaki gramu mia nne naye afike hapo.

Saa sita Daktari Wahu alichana bahasha.

"Nyekundu ndiyo dawa. Buluu walitiwa ugonjwa pia, wakapewa maji ya rangi." Akageuza karatasi. "Kijani hawakutiwa ugonjwa. Walipewa maji yaleyale ya rangi."

"Kijani ni maji?"

"Maji, siki kidogo na sukari iliyounguzwa. Ili yafanane."

"Lakini walinenepa, Daktari."

"Walikuwa wazima, Zadock. Panya mzima akila ananenepa."

Friji ilivuma. Zadock aliweka mkono juu ya meza.

"Na hao wa nyekundu?"

"Uvimbe umepungua kidogo. Hawajapona. Na mmoja ini lake halinipendezi." Akamtazama. "Kwa nini unauliza hivyo?"

Zadock alikuwa amejaza fomu ya hali ya panya kila siku kwa wiki sita, na hakuwa na lugha nyingine ya kusema jambo hilo.

"Choo, mara nane kwa siku. Laini. Damu inaonekana kwa macho. Uzito umepungua asilimia kumi na tisa nukta nne."

"Keji gani?" Daktari alikuwa ameshika kalamu.

"Si keji, Daktari."

Kalamu ilisimama. Daktari hakupiga kelele. Aliuliza tangu lini, amekuwa akitumia nini, na Zadock akaonyesha chupa ya kijani kwa kidevu.

"Wiki ngapi?"

"Nne."

"Mungu wangu." Akachukua simu.

"Watanikata, Daktari? Waniweke mfuko?"

"Wanaweza. Wanaweza pia kukupa vidonge tu. Sijui, na hakuna anayejua kabla ya kukuangalia ndani. Mpigie bibi yako."

Saa tisa alikuwa amelala ubavu wa kushoto kwenye kitanda chembamba cha hospitali, magoti yamekunjwa, uso ukielekea ukutani. Nyuma yake muuguzi alikuwa akiiandaa mashine yenye mpira mrefu mweusi. Nje kwenye korido ilisikika sauti ya mwanamke aliyepanda ngazi mbio.

"Ni mlango gani, sista? Niambie tu, ni mlango gani?"

Muuguzi alisimama. "Ni wako?"

Zadock alitikisa kichwa kukubali, bila kugeuka. Korido ilikuwa ndefu. Vitasa vilisikika vikijaribiwa, kimoja baada ya kingine, vikija upande wake.