Msonyo wa Kioo cha Mbele

Mama alishuka kwenye gari kabla hatujaiona lami. Alifungua mlango mwenyewe, akatanguliza fimbo, akasimama katikati ya njia ya vumbi pale Bigwa akiwa na kitenge chake cha kutokea, kisha akaniambia:

"Nirudishe nyumbani. Kwa miguu."

"Mama, daktari anatusubiri."

"Asubiri. Mimi sisonywi nikiwa njiani kwenda kupasuliwa jicho."

Ndivyo tulivyopoteza nafasi ya kwanza. Mama yangu, Eufrazia, alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga. La kulia lilikuwa kama kidirisha cha bafuni: mwanga unaingia, lakini huwezi kujua nani anapita nje. Hospitali ilitupa nafasi nyingine, Alhamisi ya wiki mbili mbele. Nesi alisema tukiikosa na hiyo tutasubiri wataalamu warudi mwakani, na jicho la kulia halikuwa na mwaka wa kusubiri.

Tatizo lilikuwa gari. Au, kwa maelezo ya Mama, tatizo lilikuwa Baba.

Baba alikuwa Mwalimu Severin. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne na alikuwa na msonyo uliojulikana kuanzia Bigwa hadi Mlali. Hakupiga watoto. Alisonya, na mtoto akafuta jibu lake mwenyewe. Alifariki katikati ya masika na kutuachia nyumba, migomba, na gari dogo jeupe alilonunua kwa kiinua mgongo. Na gari hilo, kila lilipopita kwenye shimo, lilitoa mlio kwenye kona ya juu ya kioo cha mbele, upande wa abiria. Nyiits. Mfupi, mkavu, wa dharau.

Siwezi kukataa. Ulifanana.

Shida ni kwamba Mama huzungumza sana akiwa kwenye gari, na njia yetu ina mashimo mengi. Kwa hiyo alikuwa hamalizi sentensi. "Rahel, nilikuwa nawaza tupande maharage kule..." Nyiits. "Yale ya njano, siyo yale ya..." Nyiits. Mara ya tatu ndipo alipofungua mlango.

"Miaka arobaini na mmoja amenisonya akiwa hai," alisema tukiwa tunarudi, yeye kwa miguu na mimi nikimfuata na gari taratibu kama msindikizaji wa mwenge. "Leo amekufa, bado?"

"Ni mpira wa kioo, Mama."

"Ndiyo. Ameingia humo."

Nilimpa njia nyingine. Bodaboda hakuweza, nyonga ilikuwa inamsumbua. Bajaji aliikataa. "Mjane apande bajaji, na gari la mumewe limelala uani? Watu watasema tumegombana."

"Lakini mmegombana."

"Watu hawajui."

Nikaamua kulitengeneza gari mwenyewe. Nilichukua mafuta ya alizeti jikoni, nikapaka mpira wote kuzunguka kioo, nikaupaka tena ili uridhike. Siku mbili kukawa kimya. Siku ya tatu vumbi lote la Bigwa lilikuwa limenasa pale, na sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka kwenye mgomba hadi kwenye boneti, wakiingia kwa kona ileile. Mlio ulirudi ukiwa na nguvu mpya. Mama aliusikia akiwa amekaa barazani wakati nageuza gari, akatikisa kichwa.

"Umemlisha," alisema.

Jumatatu ya wiki yenye Alhamisi yetu nililipeleka Mafiga, kwa fundi aitwaye Abuu. Ni mwanaume wa makamo, mnene, na huwa anasikiliza magari kwa kipande cha mpira wa maji alichochomeka sikioni. Aliinama kwenye kioo, akanusa.

"Dada, nani kakaanga chapati hapa?"

Nikageuka kutazama tairi.

"Mafuta ya kula yanaoza mpira. Yanashika mchanga. Ule mchanga ndio unaokwaruza kioo gari likijipinda. Umeipa shida chakula." Alisema karibu maneno yaleyale ya Mama, na hawajawahi kuonana.

Aliniambia nipandishe tairi moja juu ya jiwe ili bodi ijipinde. Kisha akaanza kulitikisa gari kwa kiuno huku ncha ya ule mpira wake ikitembea polepole kwenye ukingo wa kioo. Wateja wengine wawili waliacha soda zao wakaja kutazama. Kwenye kona ya juu, upande wa abiria, akainua mkono.

"Huyu hapa. Kaa kimya, bwana, nimekuona."

Aliinua ukingo wa mpira kwa kijiti cha mti, akasema bisibisi itapasua kioo. Mchanga ukamwagika, na sisimizi, na kitu kilichokunjwa kidogo kama hirizi. Waliokuwa wanatazama walirudi nyuma hatua moja. Abuu alikifungua. Kilikuwa kipande cha kalenda ya parokia, mwezi wa saba, miaka sita iliyopita. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa Baba: *Kelele. Jaribio la pili.*

Nilikaa kwenye gogo kidogo. Nilikuwa sijauona mwandiko ule tangu tulipozika. Abuu alinipa karatasi, akaendelea na kazi. Aliosha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akapitisha mswaki kwenye mfereji wote, akakausha kwa kitambaa, akaacha jua lifanye kazi hadi saa nane. Halafu akapaka grisi ya silikoni, nyembamba sana, kwa ncha ya kidole. Pale mpira unapogusa dashibodi alinyunyiza poda ya mtoto.

"Hapa hakuna msonyo tena," alisema. "Likilia, uniite Mluguru."

Nilirudi Bigwa nimefurahi. Nilipita mashimo yote kwa makusudi, hata yale ambayo hayakuwa njiani kwangu. Kimya. Nikamwonyesha Mama ile karatasi, nikamsomea kwa sauti, nikamweleza kwamba mlio ulikuwepo tangu miaka sita iliyopita, Baba akiwa hai, na kwamba yeye mwenyewe ulimkera hadi akaufanyia majaribio mawili. Kwa hiyo hauwezi kuwa yeye.

Mama alifikiri.

"Basi alikuwa anafanya mazoezi," alisema.

Lakini alikubali kujaribu. Alikaa kiti cha mbele, akajifunga mkanda, tukashuka taratibu kuelekea barabara kuu. Alianza na maharage. Shimo la kwanza, kimya. Akaongeza habari ya jirani aliyehamisha mpaka wa shamba. Shimo la pili, kimya. Akasema jambo kali kidogo kuhusu ndugu za Baba, akasubiri. Shimo la tatu, kubwa. Kimya.

"Simamisha."

"Mama, halijalia!"

"Ndiyo maana. Simamisha. Amenuna."

Nikasimamisha, kwa sababu nilimjua Baba. Msonyo ulikuwa hali ya kawaida. Baba akikasirika kweli alinyamaza, siku nne, siku tano, akila kwa adabu na kusema asante.

"Umemziba mdomo," Mama alisema akishuka. "Unadhani atapenda?"

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama alikuwa amevaa tayari, amekaa kitandani, hataki kutoka. Tulitakiwa hospitali saa mbili. Nilimpigia Abuu kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumlaumu.

"Limelia?" aliuliza.

"Halijalia."

"Sasa shida nini?"

"Halijalia."

Alikuja na bodaboda, shati halijafungwa vizuri, mpira wake wa maji shingoni. Alikuwa ameudhika. Alisema miaka kumi na tisa ya ufundi hajawahi kurudishiwa kazi kwa sababu imekubali. Nilimpeleka hadi mlango wa chumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemziba mume wangu?"

"Ndimi, mama."

Mama aligeuza lile jicho la kulia kuelekea sauti. "Hiyo lafudhi siyo ya hapa. Mtu wa wapi wewe?"

"Handeni, mama. Mzigua."

Mama aliweka fimbo kando. Nilianza kuogopa.

"Mzigua," alirudia. "Mtani wetu sisi Waluguru. Na msibani hukuja."

"Sikuambiwa!"

"Hakuna aliyefika. Mvua ilikata barabara, watani wote wakakwama. Severin alizikwa kama kikao cha kamati. Watu wamekaa, wamesimama, wameimba, wameondoka. Hakuna mtani aliyemtukana kama desturi inavyotaka. Hakuna aliyelala njiani kulizuia jeneza." Alikuwa anapangusa jicho ambalo halioni. "Unafikiri mtu anayezikwa hivyo atatulia?"

Nilikuwa sijajua kwamba ndilo lililokuwa linamuuma. Miezi yote ile nilidhani ni mlio.

Abuu alinitazama, akamtazama Mama. Akafunga vifungo vya shati. Halafu uso wake ukabadilika kabisa.

"Kumbe!" alifoka. "Kumbe gari lile ni la Mluguru! Ndiyo maana kioo kimejaa mchanga wa mlimani! Mlimzika wapi huyo mzee, nikamwambie alivyokuwa mjinga?"

"Nani mjinga?" Mama aliuliza, na mgongo wake ukanyooka.

"Mwalimu wenu! Mtu anaziba kelele za gari kwa kalenda ya kanisa! Alifikiri Julai itasaidia?"

"Severin alikuwa na akili kuliko Handeni nzima!"

"Akili gani? Hata kukunja karatasi hakujua!"

"Hakujua kukunja? Mwanaume aliyekunja mashuka yangu nilipojifungua, mama mkwe anamcheka, naye anaendelea kukunja! Wewe Mzigua, njaa ilikufukuza kwenu ukaja kula ndizi zetu, leo unamsema Severin?"

"Ndizi zenyewe mbichi!" Abuu alijibu, akaanza kurudi nyuma kuelekea nje. "Na alikuwa mchoyo! Nimeona tairi zake! Tairi zina upara kuliko mimi!"

"Mchoyo?" Mama alishika fimbo akasimama. "Amesomesha watoto wa watu saba! Saba! Njoo nikutajie majina!"

"Sikusikii, mama!" Abuu alikuwa ameshafika uani. Aliingia kiti cha nyuma cha gari, akafunga mlango, akapandisha kioo. Akaonyesha masikio yake kwa vidole kwamba hasikii kitu.

Mama alilifuata gari kwa sauti na kwa fimbo. Alifungua mlango wa mbele, akakaa, akageuka nyuma kadiri nyonga ilivyomruhusu. "Wa kwanza aliitwa Andrea," alisema. "Mtoto wa yule mama wa Mlali aliyeachwa..."

Nikawasha gari. Hakuna aliyeniangalia.

Tulipita mashimo yote. Mama alikuwa amefika kwa mtoto wa tatu, Winfrida, ambaye sasa ni mkunga, wakati Abuu alipodai kwamba bila shaka msonyo wa mwalimu ndio uliomkimbiza shule. Mama akamwambia msonyo wa Severin ulikuwa wa upendo, kwamba alimsonya mtu aliyemwona anaweza kufanya vizuri zaidi, na kwamba Mzigua angemsonya mpaka jioni. Alisema mambo ya Baba ambayo sikuwa nimeyasikia. Kwamba alimpikia Mama uji mwezi mzima. Kwamba aliogopa nyoka. Abuu alidakia hapo kwenye nyoka na kucheka hadi akakohoa, na Mama, bila kutaka, akacheka naye. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu masika.

Langoni mwa hospitali ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano. Mama alikuwa kwa mtoto wa saba.

"Umekuja na nani, bibi?" nesi aliuliza akimshika mkono.

"Na binti yangu," Mama alisema, "na huyu mla ndizi. Asiondoke. Sijamaliza naye."

Abuu aliondoka, kwa sababu ana kazi, lakini Ijumaa alirudi na mkungu wa ndizi mbivu, akausukuma mlangoni mwa wodi, akasema hizo ndizo ndizi. Mama alikuwa amebanduliwa bandeji asubuhi ile. Alimtazama Abuu kwa jicho moja jipya, kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Nilijua utakuwa mnene," alisema. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama muda mrefu zaidi. "Rahel. Umeota mvi."

"Ndiyo, Mama."

"Na hukuniambia."

Tulirudi Bigwa saa kumi, mawingu yameondoka mlimani. Mama alikaa mbele, kichwa karibu kiguse kioo, hazungumzi. Nilifikiri amechoka. Tulipoiacha lami alininyooshea mkono nipunguze mwendo.

"Zile nyumba zote kule juu, zimejengwa lini?"

"Muda sasa, Mama. Miaka miwili."

"Na miti?"

"Imekatwa."

Aliendelea kuutazama mlima Uluguru, kipande kwa kipande, kama mtu anayehesabu vyombo vyake baada ya wageni kuondoka.

"Nenda polepole," alisema. "Usinipitishe kabla sijaona."