Busu Lililoshonwa

Kurasa mbili za katikati zilikuwa zimeshonwa kwa cherehani, mshono mdogo mdogo wa kuzunguka pande zote, kama mfuko wa shati.

"Jamani, nani kashona kitabu?" Kidosho aliuliza.

"Mimi," alijibu bibi yake, macho kwenye pindo la sketi. "Mama yako alikuwa na umri wa kuiga. Kitabu hicho kilifukuzwa shule zote, na waliokisoma wakafukuzwa nacho. Ningekichoma, ila nilikuwa sijakimaliza."

Chumba cha ushonaji kilicheka. Desturi ya pale, umeme ukikatika, mwenye cherehani ya umeme huwasomea wenye cherehani za miguu. Leo zamu ilikuwa ya Kidosho, akimulika maandishi kwa simu.

Alisoma huku roho ikiwa juu. Mchumba wake, muuza vipuri vya pikipiki, alikuwa amempa mpaka jioni hiyo: aache kushona, au waachane. Kidosho alishakubali kuacha. Kilichobaki ni kumwambia bibi.

Kitabuni, bwana tajiri alimwona binti dirishani, akapagawa. Akampiga mwalimu aliyemsalimia binti. Akamfungia binti ghorofani, "upepo usije ukamgusa."

"Kamfungia?" Mama Pacha, fundi wa sare, alisimamisha miguu. "Na chooni anakwendaje?"

"Hawajaandika."

"Hawaandikagi! Mapenzi ya vitabuni hayana choo."

"Lakini anampenda kweli," Kidosho alisema. "Halali usingizi, hali chakula."

"Kitendawili!" bibi aliita.

"Tega!"

"Nina anipendaye kupita wote, na kila jioni hunifungia mlango."

"Kuku!" Mama Pacha alidakia.

"Kuku, mwanangu. Na mwisho wake mnaujua."

Kidosho alichukua wembe, akafumua kurasa zile. Hata cherehani za miguu zilinyamaza. Akasoma: bwana alipanda ngazi, akashika mkono wa binti, akambusu kwenye paji la uso. Taa ikazimwa.

"Enhe?"

"Basi. Asubuhi imefika."

"Paji la uso!" Mama Pacha nusura aanguke kitini. "Watoto wa watu walifukuzwa shule kwa paji la uso! Kwa hiyo, mama, ulishona busu, kufuli ukaliacha wazi wajisomee?"

"Kufuli enzi zile ndiyo yalikuwa mapenzi yenyewe," bibi alisema, safari hii bila kucheka. "Hakuna aliyeliona. Soma, mjukuu wangu."

Kidosho aliinamia ukurasa, na simu ikawaka ujumbe juu ya maandishi. Macho yake yakauparamia, mdomo ukafuata. "Uko wapi? Uko na nani? Nitumie picha sasa hivi nione umevaa nini."

"Huyu bwana sasa kapitiliza!" Mama Pacha alifoka.

"Siyo wa kitabuni," Kidosho alisema polepole. "Ni wangu."

Muda si muda pikipiki ikanguruma nje, na mchumba akasimama mlangoni, kofia ngumu kwapani.

"Hujibu ujumbe. Ushamwambia bibi?"

"Aniambie nini?" bibi aliuliza.

Kidosho alivuta pumzi. "Anataka niache kushona, bibi. Na mimi nilimkubalia."

"Ni kwa sababu nampenda, bibi," mchumba alisema. "Humu wanaingia wanaume kila saa, wanapimwa viuno."

"Wanapimwa na mimi," alisema Mama Pacha, "na viuno vyenyewe hutaki kuviona."

"Kidosho, chukua mkoba twende."

"Kesho nitakuja kazini," Kidosho alisema. Sauti ilitetemeka, lakini ilifika. "Na keshokutwa pia."

"Basi uchumba umekwisha!"

"Umekwisha."

Mchumba alisimama akingoja machozi. Kidosho naye aliyangoja, lakini siku hiyo yalikuwa na safari zao. Mwishowe yule bwana alivaa kofia yake, akaifunga vibaya, akaondoka kwa kishindo cha pikipiki.

Bibi alimsogezea kiti. Kidosho alikaa, akafunua ukurasa wa mwisho ili walau ajue ya yule binti.

"Anaolewa naye," alisema. "Tena anamshukuru kwa kumfungia."

"Kichaa huyo," Mama Pacha alisema, miguu ikarudi kwenye cherehani.